IDI SI SIKU YA KUSIMAMA FOLENI



 Leo tunataka tuseme wazi juu ya jambo linalojirudia kila Idi na ambalo tumelizoea mpaka hatulioni tena kuwa ni kosa.

Tunaswali asubuhi, tunarudi nyumbani, pilau inapikwa, inaliwa, wageni wanapokelewa. Ikifika saa nane mchana, mji mzima unakumbuka kwamba watoto waliahidiwa matembezi. Wa Jinja wote wanateremka kwenye bustani za Chanzo cha Mto Nile. Wa Mbale wote wanatafuta gari la kwenda maporomoko ya Sipi, kule Kapchorwa. Basi hapo ndipo foleni inapoanza: foleni ya gari, foleni ya getini, foleni ya mashua, foleni ya choo. Mtoto aliyesubiri siku hii mwezi mzima anaiona Nile kupitia migongo ya watu wazima, na Magharibi inaingia kabla hajapanda mashua. Kisha tunarudi tukiwalaumu wenye mahali.

Tunasema: foleni hiyo tumeitengeneza wenyewe. Mto haukuanza kutiririka saa nane. Ulikuwepo pale Speke alipofika mwaka 1862, na wenyeji wa Busoga walikuwa wakiujua kabla yake. Asubuhi ya Idi pia ulikuwepo. Sisi ndio hatukuwepo.

Tukiwaambia watu wapange mapema, tunasikia nyudhuru tatu. Tuziangalie moja moja.

Wa kwanza anasema: "Sisi tunamtegemea Mungu, mambo ya kupanga saa ni ya wazungu." Subhanallah! Mtume (S.A.W.) alimfundisha bedui amfunge ngamia wake kwanza, kisha ategemee. Na siku ya Idi yenyewe alikuwa akienda kuswali kwa njia moja na kurudi kwa njia nyingine. Wanazuoni wametaja hekima nyingi za jambo hilo, na mojawapo ni kupunguza msongamano. Sasa je, kupanga njia ni kwa wazungu au ni Sunna?

Wa pili anasema: "Tutapangaje na mwezi haujaonekana?" Huu ni udhuru mwepesi. Idi ya Fitri ni moja ya siku mbili tu, na wote tunazijua tangu Ramadhani ilipoingia. Ukikubaliana na mwenye gari mapema, mwambie siku zote mbili. Ama Idi ya Adh-ha, huo udhuru haupo kabisa: mwezi wa Dhul-Hijja ukiandama, tarehe 10 inajulikana, na una zaidi ya wiki nzima ya kujitayarisha.

Wa tatu anasema: "Raha ya Idi ni umati." Umati wa kuswali, ndiyo. Lakini umati unaosukumana getini au unaojaa kwenye chombo cha majini si raha, ni hatari. Tarehe 24 Novemba 2018 mashua ya MV Templar ilizama Ziwa Victoria upande wa Mukono ikiwa imebeba watu kupita kiasi, na zaidi ya watu 30 wakafa. Walikuwa wametoka kustarehe. Usiku wa kuamkia Januari 1, 2023, watu wasiopungua 9, watoto wakiwa miongoni mwao, walikufa katika msukumano kwenye jengo la Freedom City, barabara ya Entebbe, walipokimbilia kuona fataki. Hao nao walitoka kutafuta furaha ya siku moja. Tunangoja lipi litufike Jinja ndipo tuamke?

Tutazame ibada yetu kubwa kabisa. Tarehe 12 Januari 2006, mahujaji zaidi ya 340 walikufa kwa msongamano kwenye Jamarat, Mina. Baada ya hapo likajengwa daraja jipya la ghorofa kadhaa, na ratiba za saa za kwenda kurusha mawe kwa kila kundi zikatiliwa mkazo. Hata hivyo, Septemba 2015 makundi yalikutana barabarani kule kule Mina na mamia wakafa tena. Leo hata kuingia Rawdha, Madina, unaweka miadi kwa programu ya Nusuk. Ikiwa kumzuru Mtume (S.A.W.) kunapangiwa saa, vipi matembezi ya Jinja yasipangwe?

Kuna jingine linalotuuma zaidi. Wako wanaoruka foleni kwa kumpa mlinzi "chai" au kwa kumjua mtu wa mashua. Ndugu, iite kwa jina lake: rashwa. Mtoa na mpokeaji wote wamelaaniwa, na umeifanya mbele ya mtoto wako, siku ya Idi, ukiwa umevaa kanzu mpya. Mjane aliyefika kabla yako na watoto wake wanne bado amesimama juani. Umemfundisha nini mwanao?

Na tusidhani pesa ya halali ndiyo dawa. Kule Marekani, viwanja vya michezo vya Disney vilianza mwaka 1999 kutoa tiketi za saa bila malipo ya ziada: unachukua saa yako, unaendelea na mengine, unarudi. Mwaka 2021 mpango huo ukaondolewa na kuruka foleni kukawa kwa kulipia. Kilichokuwa cha mwenye kupanga kikawa cha mwenye fedha. Sisi hatuhitaji kufika huko. Kupanga ni bure, na hata maskini anaweza.

Basi tufanye nini?

1. Watakaokwenda siku ya Idi waondoke mara baada ya Swala. Pilau ipikwe usiku na ifungwe kwenye vyombo. Kwanza mashua, kisha chakula.

2. Wengine waiache siku yenyewe iwe ya jamaa na majirani. Tarehe 11, 12 na 13 Dhul-Hijja nazo ni siku za kula, kunywa na kumdhukuru Allah. Kama ni siku za kazi na shule, Jumamosi inayofuata Nile itakuwa pale pale.

3. Misikiti igawane saa na siku. Maimamu wa Jinja, Iganga na Mbale wakikaa kikao kimoja kabla ya Ramadhani kwisha, nusu ya foleni imekwisha.

4. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kiislamu pale Mbale, mliopo tangu 1988 mkijifunza hesabu na uongozi, hii ni kazi yenu. Andikeni orodha, kusanyeni nauli mapema, pigeni simu kwa wenye mashua, hakikisheni kila mtoto ana jaketi la kujiokolea. Chombo kikijaa, msipande.

5. Mpange pia mahali pa kuswali Adhuhuri na Alasiri. Foleni iliyokula Swala imekula Idi yote.

Bibi Aisha (R.A.) aliwatazama Wahabeshi wakicheza na mikuki siku ya Idi, na Mtume (S.A.W.) akamsitiri mpaka alipotosheka mwenyewe. Furaha ya siku hiyo ni haki ya watoto wetu, na haki haitolewi kwa kubahatisha. Mwenye masikio na asikie, na mwenye kalenda aichukue leo.

Wabillahi Tawfiq.