Umenunua SSD, lakini seva yako inajua?

Wasee, tuache hii tabia ya kumwaga doh kwa mashine bila kuiuliza inaona nini.

Seva ikianza kujikokota, fundi ana jibu moja tu: nunua SSD. Sawa, umenunua. Sasa nani ameangalia kama mfumo wenyewe unajua hiyo ni SSD?

Kwa Linux ni kazi ya sekunde mbili. Andika lsblk -d -o NAME,ROTA. Ukiona 0, mfumo unajua hakuna kitu kinazunguka. Ukiona 1, unaamini kuna sahani inazunguka mle ndani, kama diski za kitambo.

Mara nyingi mwenye kuleta noma ni kadi ya RAID. Inakaa katikati, inaficha diski halisi na kuonyesha diski moja ya kubuni. Linux si mganga. Inaamini ilichoambiwa.

Najua kuna mtu atasema, "Si bora data inasomeka?" Zii. Ceph hutumia alama hiyo hiyo kupanga diski kwa kundi la hdd au la ssd. Btrfs huwasha mipangilio yake ya SSD yenyewe ikiona 0. Na kwa VMware, ESXi ikidhani SSD yako ni diski ya kuzunguka, vSAN haitaikubali kama kache. Umelipia mbio, umepewa foleni.

Halafu kuna wale wa njia ya mkato: andika 0 ndani ya /sys/block/sda/queue/rotational, imeisha. Haijaisha! Ukizima na kuwasha seva, 1 imerudi, mpaka uweke kanuni ya udev. Na hata hapo umebadilisha jina tu. TRIM, ile amri ya kuambia SSD nafasi gani ziko wazi, bado inaweza kuzuiwa na kadi. Angalia na lsblk -D: DISC-GRAN na DISC-MAX zikiwa 0, amri haipiti.

Dawa ya kweli iko kwa kadi yenyewe. Kama inakubali, iweke hali ya HBA ili mfumo uone diski moja kwa moja. Lakini weka bakapu kwanza, kwa sababu kubadilisha hali kunaweza kufuta kila kitu.

Msimamo wangu ni huu: fundi ambaye hajakuonyesha ROTA na DISC-MAX hajamaliza kazi. Usimlipe salio.