Viporo vya Chumba cha Kupanga

Kauli ninayoipinga hapa ni fupi, na kila mwanafunzi anayepanga chumba Kampala ameisikia: "Mimi hapa napita tu." Husemwa na mtu anayeulizwa kwa nini taa yake inaning'inia kwa waya mmoja, kwa nini vitabu vyake bado vimo ndani ya boksi lililofungwa kamba tangu siku aliyohamia, kwa nini dirisha lake limezibwa kwa shuka. Anapita tu. Ukimuuliza amekuwa akipita tangu lini, atakwambia tangu mwaka wa kwanza. Sasa yuko mwaka wa tatu.

Wahenga hawakuwa na uvumilivu wa namna hiyo. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wenzangu wamekuwa wageni wa siku mia saba katika vyumba vyao wenyewe, na hakuna anayewapa jembe.

Ninaishi Ggaba, mwendo mfupi kutoka mwaloni ambako samaki hushushwa alfajiri. Chumba changu ni kimoja kati ya sita vilivyopangwa kwa safu mbele ya ua mmoja, aina ya makazi ambayo watu wa Kampala huyaita muzigo. Sikio la Kiswahili likisikia neno hilo halisikii nyumba. Linasikia furushi, kitu cha kubeba hadi kituo kinachofuata. Wapangaji wengi wanaishi kwa maana hiyo ya Kiswahili hata kama hawajui neno lingine la Kiswahili.

Likizo iliyopita, mitihani ilipokwisha na fedha kidogo zilipopatikana, nilitenga siku nne kwa ajili ya viporo. Mashabiki wa kandanda wa Tanzania huita mechi zilizoahirishwa viporo, kama chakula kilicholala, nami sioni neno linalozifaa zaidi kazi za nyumbani zilizorundikana. Vyangu vilikuwa hivi: wavu wa dirisha, kwa sababu jioni wadudu wa ziwani huingia kama moshi; rafu ya vitabu; komeo ambalo halikufunga mpaka uuinue mlango kwa goti; fimbo ya pazia; masizi ya sigiri ukutani; na koki ya bomba la uani.

Hiyo koki ndiyo iliyonifanya niandike. Ggaba ni mahali ambapo maji mengi ya Kampala yamekuwa yakivutwa kutoka Ziwa Viktoria na kusafishwa, tangu enzi za ukoloni, na mtambo wa tatu wa Shirika la Taifa la Maji uliongezwa mwaka 2007. Jiji limekunywa kutoka kwetu kwa miongo mingi. Na pale uani kwetu, karibu na mitambo hiyo, koki ilidondosha tone moja kila sekunde kwa miezi saba. Nilimwarifu mwenye nyumba mara mbili, akajibu kwamba atatuma fundi. Kisha nikaweka jerikeni la lita 20 chini ya koki asubuhi moja. Kesho yake saa kama ile lilikuwa limejaa na kumwagika. Bili ya maji tunagawana vyumba sita. Majirani walipita na ndoo zao, wakaruka lile dimbwi, wakasema si yangu. Kilichohitajika ni kipande cha mpira cha ndani ya koki, shilingi 2,000, bei ya chapati mbili, pamoja na spana niliyoazima kwa fundi wa pikipiki. Dakika ishirini.

Sasa kuna jambo ambalo insha zetu za sekondari hazikulisema. Tulifundishwa kufungia kila insha ya bidii kwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali ni ya kweli, lakini ni ya hofu: ziba, la sivyo utapata hasara. Haigusi raha hata kidogo. Na raha ipo, tena ni kubwa kuliko ukubwa wa kazi yenyewe. Usiku ule baada ya koki nilisikia kimya ambacho nilikuwa sikijui katika chumba kile. Siku ya rafu nilivipanga vitabu mara tatu bila sababu, mara kwa ukubwa, mara kwa somo, nikakaa kitandani kuvitazama kama mtu anayetazama mpira. Niliufunga mlango na kuufungua, nikaufunga tena, kwa kidole kimoja.

Nadhani najua raha hiyo inatoka wapi. Kiporo ni mdai. Msumari usiogongwa hukutazama kila unapoingia, kama mwenye duka unayemkwepa. Mwanasaikolojia Bluma Zeigarnik alichapisha mwaka 1927, huko Ujerumani, utafiti uliosema kwamba watu hukumbuka zaidi kazi zilizokatizwa kuliko zilizokwisha. Wataalamu wengine wamembishia tangu hapo. Mimi sihitaji maabara: semesta nzima nilisoma nukuu za fonolojia huku nusu ya kichwa ikihesabu matone.

Wapo watakaonijibu, na ninawajua.

Wa kwanza ni mwanaharakati wa darasa. Atasema kumtengenezea mwenye nyumba ni kumfanyia kazi ya bure, na kwamba Sheria ya Wenye Nyumba na Wapangaji ya mwaka 2022 inamtwika mwenye nyumba wajibu wa kuiweka nyumba katika hali ya kukalika. Hapo ana haki, tena kuliko anavyodhani. Paa, choo, mtaro na nyaya za umeme ni vya mwenye nyumba, na mpangaji anayevitengeneza kimyakimya anamzoeza kutolipa. Ndiyo maana zile shilingi 2,000 za koki nilizikata katika kodi ya mwezi na kumwandikia sababu. Hakujibu, lakini pia hakuzidai. Ila sheria ina mpaka wake. Hakuna bunge litakalokutundikia pazia. Mwanaharakati huyuhuyu ananinukuulia wajibu wa mwenye nyumba akiwa ameketi juu ya boksi la vitabu ambalo hajalifungua kwa miaka miwili, na kamba ile hakuifunga mwenye nyumba.

Wa pili hasemi darasani, husema uani jioni tukiwa wanaume watupu: "Nikioa, mke atapanga." Hili ndilo linaloniudhi kuliko yote. Maana yake ni kwamba chumba kinamngoja mwanamke ambaye hata jina lake halijajulikana, ambaye kwa sasa labda yuko maktaba anaandika tasnifu, aje kusugua masizi ya sigiri ya mtu mwingine. Kijana huyo anajua kutumia nyundo. Anajua kabisa. Amejiamulia tu kwamba kukaa mahali pazuri ni kazi ya mtu mwingine, na uvivu huo ameupa jina la utamaduni.

Wa tatu ni watu wazima, na sitashangaa nikiwapata miongoni mwa wahadhiri wanaosoma kitabu hiki. Kijijini wana nyumba ya matofali iliyofika usawa wa madirisha, inayokula mshahara kila Desemba. Kampala wamepanga miaka kumi na mitano bila kugonga hata msumari wa kalenda. Maisha yao yote ya kazi yanapita katika chumba cha kungojea. Siwadharau kwa kujenga kwao. Nauliza tu, watoto waliozaliwa katika nyumba hiyo ya kupanga, nao walikuwa wanapita?

Chumba cha nne katika safu yetu anakaa mama mmoja mkimbizi kutoka Kivu. Kama kuna mtu Ggaba mwenye haki ya kusema napita tu, ni yeye. Alihamia Jumamosi. Jumapili pazia lilikuwa juu, sakafu imepigwa deki, na nje ya mlango kulikuwa na mche wa sukumawiki ndani ya kopo la rangi. Wiki ile aliniona nimesimama na ubao wa rafu mkononi, natafuta pa kuuegemeza.

"Mtoto yangu," akaniuliza, "uko unangoja nani?"

Hakuwa anafanya mzaha. Alidhani kweli kuna mtu anakuja. Akanishikia ubao upande mmoja nikapiga misumari.

Viporo vitano vimekwisha, na cha sita, masizi, kinahitaji rangi ambayo nitainunua mwisho wa mwezi. Wenzangu wawili wa safu yetu wameniazima nyundo. Mmoja wao ameirudisha. Mtaro ulioziba mbele ya chumba cha kwanza sijaugusa na sitaugusa. Huo ni wa mwenye nyumba, na barua ya tatu nilimpelekea Jumatatu, safari hii ikiwa na sahihi za vyumba vyote sita.