Tulikaririshwa kasi ya mwanga, hatukuambiwa ilipatikanaje

Wasee, kila mtu aliyesoma Fizikia anaijua hii: mwanga unaenda kilomita 300,000 kwa sekunde. Tuliikariri, tukaiandika, tukapewa maksi. Sasa niambie, nani aliwahi kukueleza walijuaje kwamba mwanga hata unasafiri? Mimi nimesoma huku Mbooni, hakuna. Chuo nikaenda hadi nikaacha, bado kimya.

Na stori yenyewe ni tamu. 1676, jamaa wa Denmark anaitwa Ole Rømer, miaka 31, anafanya kazi Paris. Anafuatilia Io, mwezi wa sayari ya Mshtarii (Jupiter, kama ulivyoizoea). Io inazunguka kwa karibu saa 42 na nusu, na kila mzunguko inaingia kwenye kivuli cha Mshtarii na kutoka. Yaani ni kama matatu inayofuata ratiba. Najua, lakini jaribu kufikiria tu.

Rømer akaona ratiba inateleza. Dunia ikisonga mbali na Mshtarii, Io inachelewa; ikikaribia, inawahi. Io haina shida yoyote. Ni mwanga wake ndio una safari ndefu zaidi kutufikia. Basi mwanzoni mwa Septemba akawatangazia wakubwa wa sayansi kwamba tarehe 9 Novemba Io itatoka kivulini ikiwa imechelewa dakika 10. Ikachelewa kweli. Cassini, mkubwa wa pale, bado akakataa.

Hesabu yake haikuwa safi. Alisema mwanga unachukua dakika 22 kuvuka njia ya Dunia kutoka upande mmoja hadi mwingine. Ukweli ni kama 17. Huygens akazitumia namba zake, akapata kama kilomita 220,000 kwa sekunde. Andika hiyo kwenye mtihani wetu uone kalamu nyekundu! Ilhali kabla ya hapo watu wazito kama Descartes walikuwa wanaamini mwanga unafika papo hapo.

Kwa hivyo mtu asiniambie watoto wa ushago hawawezi sayansi eti hakuna maabara. Rømer alikuwa na darubini, saa na subira. Ukipanda milima hapo juu ya Kikima usiku, giza bado lipo, Nairobi hawana hilo. Bodi za shule, kabla hamjanunua rundo jingine la karatasi za marudio, nunueni darubini moja ndogo. Halafu waacheni watoto nje hadi saa nne usiku, Io ikichelewa waandike dakika.