HONI SI AMRI YA KUTOKA BARABARANI

Ndugu wafanyakazi, kila asubuhi wenzetu huenda kazini kwa baisikeli katika Eneo la Viwanda, Nairobi. Nyuma yao huja lori au matatu, na dereva hupiga honi kana kwamba barabara ni shamba lake. Mwenye baisikeli akishtuka huweza kuanguka mtaroni, au chini ya magurudumu. Akivunjika mguu, watoto wake watakula nini?

Twajua dereva naye ni mfanyakazi. Mwenye gari hudai hesabu yake jioni, kwa hiyo dereva hukimbia. Lakini haraka ya tajiri isilipwe kwa damu ya mfanyakazi mwingine. Madereva, punguzeni mwendo, ngojeni nafasi, kisha mpite kwa mbali. Nanyi wa baisikeli, washeni taa usiku, wala msikate njia ghafula.

Mwaka 2015 Kaunti ya Nairobi ilitoa sera iliyoahidi asilimia 20 ya fedha za kujengea barabara kwa ajili ya njia za miguu na baisikeli. Twataka ahadi hiyo itimizwe. Tusigombanie njia nyembamba sisi kwa sisi. Tudai njia ya kututosha sote.