Ukulele si ya kuchezea watoto

Leo siasa tuiweke kando kidogo.

Majuzi nilivuka kwa mashua kutoka Wete hadi kisiwa cha Fundo, ukulele yangu begani. Kazi ilipokwisha nikakaa pwani kusubiri maji yajae. Mzee mmoja aliyekuwa akishona nyavu akaitazama, akacheka: "Mwanangu, hicho si cha kuchezea watoto?"

Sikumjibu kwa maneno. Mkono wa kushoto nikabonyeza uzi wa kwanza kwenye chuma cha pili cha shingo. Wa kulia, kidole cha shahada nikakigusisha kwa wepesi, bila kubonyeza, umbali wa vyuma 12 mbele yake. Nikaufyatua uzi kwa kidole cha pete na kukiondoa cha shahada papo hapo. Mara ya kwanza: puu! Ya pili, kimya. Ya tatu ikalia sauti nyembamba, kama kengele ya mbali. Mzee akaacha sindano.

Wanamuziki huziita hamoniki bandia. Si uchawi: mguso ule unaugawa nusu kwa nusu uzi uliobaki, sauti inapanda oktavo moja. Sasa sikieni hoja yangu. Ukulele nyingi ndogo zina vyuma 12 tu, kwa hiyo chuma cha 14 unachotakiwa kugusa hakipo! Unapatafuta kwa sikio. Ukikosea kidogo, sauti inakufa. Je, udi una vyuma? Fidla inavyo? Havina. Sikio ndilo linaloongoza, na taarab yetu imesimama juu ya sikio hilo tangu enzi za Siti binti Saad.

Wapo watakaosema ni chombo cha wageni. Kweli, kizazi chake kilifika Hawaii mwaka 1879 na Wareno wa Madeira. Mbona fidla na kodiani hatukuziuliza pasipoti?

Chuo cha muziki cha DCMA kilianzishwa Unguja mwaka 2002. Kwa mtoto wa Fundo, huko ni mashua, gari, kisha meli. Tukisubiri udi umfikie, atazeeka. Mpeni kwanza hiki chenye nyuzi nne, kinachoingia kwenye mkoba wa shule, na mfundisheni hamoniki mapema, si kama mapambo bali kama mazoezi ya sikio. Udi utakapofika, utamkuta tayari.

Yule mzee? Aliniambia neno moja tu: "Rudia."

Ninyi mnasemaje?