Dawa ya moyo bila kipimo ni kubahatisha

Msomaji, kabla hujageuza ukurasa huu, weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, chini ya kidole gumba, uhesabu mapigo kwa dakika nzima. Usifupishe. Je, yanafuatana kama hatua za mtu anayetembea, au yanakwenda kama mlevi: mawili ya haraka, moja limechelewa, jingine dhaifu hata hulisikii? Yakiwa ovyo hivyo, nenda hospitali upimwe kwa ECG, mashine inayochora umeme wa moyo kwenye karatasi. Haiumi, na ni kazi ya dakika chache.

Ugonjwa wenyewe madaktari huuita fibrilesheni ya atria. Vyumba vya juu vya moyo huacha kukaza pamoja, vikabaki vikitetemeka. Damu ikituama humo hufanya donge, na donge likifika ubongoni huleta kiharusi. Hatari hiyo huongezeka takriban mara tano. Wazee wengi huupata kwa sababu ya presha. Lakini kwetu Afrika wapo pia vijana, hasa akina mama, ambao vali zao ziliharibiwa na homa ya baridi yabisi iliyoanza utotoni kwa koo lisilotibiwa. (Koo la mtoto si la kuachiwa chai ya tangawizi pekee.)

Ukiambiwa ugonjwa umekuwa wa kudumu, bado kuna matibabu. Mbio za moyo hupunguzwa kwa dawa kama bisoprololi au digoksini, na damu huzuiwa isigande. Hapo pa pili ndipo wagonjwa wetu wanapopotea.

Warfarini ni dawa ya zamani, lakini kwa wenye vali zilizobanwa na baridi yabisi bado ndiyo bora. Utafiti uliotolewa mwaka 2022, wa wagonjwa zaidi ya 4,500 katika nchi 24, ulionyesha kwamba waliotumia dawa za aina hiyo walikufa wachache kuliko waliopewa rivaroxabani, dawa mpya isiyohitaji kupimwa damu kila mara. Shida ya warfarini ni kwamba ikiwa kidogo haisaidii, ikizidi unavuja damu. Lazima damu ipimwe kwa kipimo kiitwacho INR, na wagonjwa wengi hutakiwa wawe kati ya 2 na 3.

Sasa mfikirie mama wa Taveta au mkata mkonge wa Mwatate. Ukimwandikia warfarini kisha umtume Mombasa kupima, karibu kilomita 150 kutoka Voi peke yake, umemsaidia nini? Mara ya kwanza atakwenda, ya pili atakopa nauli, ya tatu atabaki nyumbani akimeza vidonge kwa kubahatisha. Mimi simlaumu. Ipo mashine ndogo ya mkononi inayopima INR kwa tone la damu ya kidole, kama ile ya sukari. Kaunti, zilizokabidhiwa huduma za afya mwaka 2013, ndizo za kuhakikisha inapatikana, na si Voi tu bali pia Wesu na Taveta. Na vijiti vyake visikosekane, maana mashine bila vijiti ni pambo la mezani.

Nawe mgonjwa, usitoke kwa daktari kabla ya kuuliza: nitapimwa wapi, lini, na nani atanibadilishia dozi? Kila namba iandike kwenye daftari. Sukuma wiki na mchicha usiviache, ila kula kiasi kilekile kila wiki, kwani mboga za majani hupunguza nguvu ya dawa. Usinunue diklofenaki dukani kwa ajili ya mgongo. Mama anayetaka kushika mimba aseme mapema, kwa kuwa warfarini huweza kumdhuru mtoto tumboni. Na ukiona choo cheusi, au fizi zinatoka damu isiyokoma, nenda hospitali siku hiyo hiyo, na daftari lako mkononi.