Kitambi si Alama ya Maendeleo

Wakati mashamba ya mkonge yalipokuwa yakivuma katika tambarare za Kimamba, wilayani Kilosa, neno posho lilikuwa na maana moja iliyofahamika kwa kila mtu. Posho ilikuwa ni unga wa mahindi aliopimiwa kibarua ili apate nguvu ya kurudi kazini kesho yake. Leo neno lilo hilo lina maana nyingine. Posho ni fedha anayolipwa mtu kwa kukaa kitini, akisikiliza taarifa, akinywa soda na kula sambusa. Kwa kubadili maana ya neno moja tu, lugha imeweka kumbukumbu ya safari ndefu ambayo miili ya Watanzania imekwenda katika muda usiozidi maisha ya mtu mmoja.

Kazi ya mkonge ilikuwa kazi ya kuvunja mgongo. Mkata mkonge aliamka kabla ya jua, akakata kwa kisu majani yenye miiba, akayafunga mafungu na kuyabeba hadi kwenye toroli la reli ndogo lililoyapeleka korona. Mwaka 1964, katika kilele cha zao hilo, nchi ilitoa tani zipatazo 230,000 za singa, na sehemu ya singa hizo ilitoka mikononi mwa vibarua wa Kilosa waliokusanywa kutoka kila pembe ya Tanganyika na ng'ambo ya mipaka. Kitambi katika kambi za vibarua kilikuwa kitu adimu. Mwenye kitambi alikuwa bwana shamba au mwenye duka, na ndiyo maana vikatuni vya miaka ya 1970 havikupata taabu kumchora mnyonyaji: mchoraji alianza na tumbo.

Hapana mtu mwenye akili timamu anayetamani kazi ile irudi. Kamba za plastiki ziliangusha bei ya mkonge, mashamba mengi yakafifia, na watu wa Kimamba wakageukia mahindi, mpunga, mbaazi na biashara ndogo ndogo. Mashine ya kusaga imempumzisha mama aliyekuwa akitwanga kinuni, na pikipiki imefupisha njia ya kwenda zahanati. Haya ni maendeleo, na wananchi wameyatolea jasho. Lakini jasho hilo lililopungua lina hesabu yake, na hesabu hiyo haikufungwa siku korona ilipozimwa. Mwili ambao ulizoea kula kwa ajili ya kubeba mafungu ya mkonge unaendelea kula vilevile baada ya mzigo kuondolewa.

Jambo hili si la kubahatisha. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 uliwafuatilia watu 209, wanaume 103 na wanawake 106, waliohama kutoka Morogoro Vijijini, jirani wa Kilosa katika mkoa huohuo, kwenda Dar es Salaam. Walipimwa kabla ya kuondoka na wakapimwa tena baada ya miezi 12. Kabla ya kuhama, wanaume karibu 79 katika kila 100 walifanya kazi nzito za kutoa jasho. Baada ya mwaka mmoja idadi hiyo ilishuka hadi karibu 27. Kwa wanawake ilishuka kutoka karibu 38 hadi 16. Uzito wao uliongezeka kwa wastani wa kilo 2.3 hivi, wanaume kwa wanawake. La kushangaza ni kwamba mjini watu hawa walikula matunda na mboga zaidi kuliko walivyokula kijijini. Nyama nayo iliongezeka. Hivyo hawezi mtu kusema kwamba walinenepa kwa sababu mjini hakuna mchicha.

Kilo 2 na ushei kwa mwaka zaonekana si kitu. Lakini ikiwa kilo 1 ya mafuta ya mwili ni akiba ya kalori zipatazo 7,700, basi kilo 2.3 ni ziada ya kalori kama 50 tu kila siku. Kalori 50 ni vijiko 3 vya chai vya sukari. Hesabu hii ni ya jumla, kwa kuwa mwili hujirekebisha kadiri unavyonenepa, lakini inatosha kuonyesha kwamba unene hauletwi na karamu ya Idi wala ya Krismasi. Huletwa na kikombe cha chai cha kila asubuhi, mwaka baada ya mwaka. Na kilicholetwa na mazoea madogo ya kila siku chaweza kuondolewa kwa njia hiyohiyo.

Wapo watakaosema kwamba haya ni matatizo ya wakubwa wa mjini, na kwamba Kimamba bado ina watoto wasiokula wakashiba. Ni kweli wapo watoto wa namna hiyo, na ni aibu kwamba wapo. Hata hivyo upungufu wa mtoto na unene wa mzazi huweza kukaa katika nyumba moja na kula kutoka chungu kimoja, kwa sababu chanzo chao kinakaribiana: sahani iliyojaa wanga, na kidogo sana cha kitu kingine. Takwimu za taifa za mwaka 2015 na 2016 zilionyesha kwamba wanawake 28 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi kiasi; mijini walikuwa 42, vijijini 21. Mwanamke mmoja katika kila watano wa kijijini si habari ya wakubwa wa mjini. Na Kimamba, mji mdogo uliozaliwa kando ya Reli ya Kati, haujawa jiji wala si kijiji tena.

Tazama pia maradhi yanayofuata. Mwaka 1989 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi wa kisukari katika vijiji 6 vya Tanzania, na waliokutwa na ugonjwa hawakufika mtu mmoja katika kila 100. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2012 ulikuta wagonjwa 9 katika kila 100 kati ya watu wazima wa miaka 25 hadi 64, na wenye shinikizo la damu walikuwa 26. Tafiti hizo mbili hazikupima watu wa umri uleule, wala hazikufanyika mahali pamoja, kwa hiyo haifai kuzilinganisha kama shilingi kwa shilingi. Lakini tofauti ni kubwa mno kuelezwa kwa njia hiyo peke yake. Mkulima aliyepooza upande mmoja akiwa na miaka 50 ni jembe moja lililoondoka shambani, na mara nyingi ni mawili, kwa sababu yuko binti au mke atakayebaki nyumbani kumwuguza.

Kikwazo cha kwanza hakimo jikoni, kimo katika heshima. Mtu akirudi likizo amenenepa, majirani husema amependeza, mambo yake yamenyooka. Akirudi amekonda, huulizwa kwa sauti ya chini kama ni mzima. Swali hilo lilipata makali katika miaka ya 1980 na 1990, pale UKIMWI ulipoyafanya maungo membamba yaonekane kama cheti cha kifo, na wako wengi ambao mpaka leo wangeona afadhali kubeba kilo 20 za ziada kuliko kubeba mnong'ono wa jirani. Mume naye hutaka mkewe anenepe ili ijulikane kwamba anamtunza. Kumlaumu mwananchi kwa kupenda heshima ni kazi bure. Linalotakiwa ni kuiondoa heshima hiyo tumboni na kuipeleka mahali pengine.

Sasa, chakula. Wanaotangaza majani ya kupunguza tumbo kwa siku 7, na mikanda ya kuyeyusha mafuta, wanauza ndoto, na mnunuzi hupungua mfukoni kabla ya kupungua kiunoni. Kushinda njaa nako hakufai, kwa kuwa mwenye kushinda njaa mchana hulipiza usiku. Vyakula vya Kimamba vyenyewe vinatosha, ila mpango wake sahanini ubadilike. Mlima wa ugali wenye kijibonde cha mboga ugeuzwe: nusu ya sahani iwe tembele, mlenda, kisamvu au majani ya maboga, robo iwe maharage, mbaazi, kunde au samaki, na robo iliyobaki ndiyo iwe ugali au wali. Dona ishike nafasi ya sembe, kwani pumba zake hushibisha na kuchelewesha sukari kuingia katika damu. Lakini mahindi yake yawe yamekaushwa barabara na kuchambuliwa, maana sumukuvu si jambo la mzaha.

Mafuta ya kupikia yanahitaji kusemwa kwa uwazi zaidi, kwa sababu ndiyo yanayojificha. Kijiko kimoja cha mezani kina kalori kama 120. Mama anayemimina mafuta sufuriani kwa kukadiria kwa jicho huweza kuongeza vijiko 3 bila kujua, na kuvitembea vijiko hivyo mpaka viishe kwahitaji zaidi ya saa nzima ya mwendo wa haraka. Atumie kijiko badala ya jicho. Mboga nyingi za nyumbani zilipikwa kwa karanga zilizopondwa au kwa nazi kidogo, au zilichemshwa tu kwa nyanya na chumvi, kabla ya madumu ya mafuta kujaa madukani, na hakuna aliyelalamika kwamba hazina ladha. Chai nayo: vikombe 3 kwa siku, kila kimoja vijiko 4, ni gramu 48 za sukari, karibu kiasi chote ambacho Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asikipite kwa siku, na shirika hilo lingependelea nusu yake. Chupa ya soda ya mililita 350 ina vijiko kama 9 peke yake.

Kuhusu mazoezi, Tanzania haikosi mifano. Oktoba 1967, Mwalimu Nyerere alitembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza, zaidi ya kilomita 200, akiunga mkono Azimio la Arusha, na vijana wa nchi nzima wakashika njia. Desemba 2016, Ndugu Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, alitangaza Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe siku ya mazoezi. Wito huo ulikuwa mzuri. Ila mwili hautambui Jumamosi moja katika mwezi. Unachotaka ni nusu saa ya mwendo wa haraka, siku 5 za kila wiki. Huko Marekani, uchunguzi uliotangazwa mwaka 2002 juu ya watu zaidi ya 3,000 waliokuwa karibu kupata kisukari ulionyesha kwamba wale walioelekezwa kutembea dakika 150 kwa wiki na kupunguza uzito kwa asilimia 7 waliepuka ugonjwa kwa kiwango cha asilimia 58 kuliko wale wasioelekezwa. Dawa iliyojaribiwa sambamba nao ilifikia asilimia 31. Asilimia 7 kwa mtu wa kilo 80 ni kilo zisizofika 6. Hatakiwi mtu awe mwembamba kama mti wa mkonge.

Kutembea Kimamba hakuna gharama. Mwenye duka anayepanda bodaboda kwa mwendo wa robo saa angeweza kuteremka. Mwalimu angeweza kurudi nyumbani kwa njia ya mzunguko. Walio katika tabu zaidi ni wanawake, kwa sababu mwanamume akikimbia barabarani jioni huitwa mwanamichezo, na mwanamke akifanya hivyo huchekwa. Wakitoka kumi pamoja watachekwa wiki ya kwanza. Wiki ya tatu wachekaji watachoka. Mgonjwa anayetumia dawa za kisukari au za moyo aanze baada ya kuzungumza na mganga, kwani dawa zenyewe huenda zikahitaji kupunguzwa.

Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliwakusanya watu wapatao milioni 2 mbele ya redio, katika vikundi vya kusoma na kujadili, na vikundi hivyo vilipotawanyika vilikwenda kuchimba vyoo. Mwaka 1975 ikafuata Chakula ni Uhai. Kampeni hizo zilifaulu kwa sababu aliyehimiza alionekana naye akishika sururu. Hapo ndipo ugumu wa leo ulipo. Mwananchi ataamini vipi habari ya kupunguza sukari anapoisikia katika kikao ambacho mbele ya kila mjumbe imewekwa chupa ya soda, na katikati ya meza sinia la maandazi? Katibu anayeandaa kikao kijacho cha kata anaweza kuagiza maji ya kunywa, karanga na mapapai yaliyokatwa, kwa fedha ileile au pungufu. Na mizani ya zahanati, pamoja na futi ya fundi cherehani ya kupimia viuno, ziwekwe mlangoni siku hiyo. Wajumbe wa meza kuu wapimwe kwanza, mbele ya watu, kabla posho haijagawiwa.